Kusoma chuoni Uganda: maswali ninayoulizwa kila muhula

Kila Agosti mabasi ya Dar, Mwanza, Nairobi na Mombasa yakishashusha wanafunzi wapya Kampala, simu yangu haipumziki. Wengine ni wadogo zangu kabisa wa Tanga, wengine ni marafiki wa marafiki, na wapo ambao hadi leo sijui namba yangu waliipata kwa nani. Maswali ni yale yale. Nimechoka kuyajibu kwa sauti za WhatsApp saa tano za usiku nikiwa na usingizi, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nilisoma shahada ya kwanza Kampala, nikabaki, na sasa nasimamia semina za takwimu za mwaka wa kwanza. Ninayoyasema nimeyaona kwa wanafunzi wangu, na kabla yao yalinipata mimi mwenyewe.

Shuleni nilikuwa nafaulu bila shida. Chuoni kuna nini kigumu?

Kigumu ni kwamba hakuna anayekufukuza. Shuleni kulikuwa na kengele, na prepu ya usiku, na mwalimu wa zamu akipita madirishani na fimbo yake. Hapa mhadhiri akimaliza anafunga begi anaondoka, na usipoonekana wiki tatu hakuna atakayepiga simu kwenu.

Halafu ratiba yenyewe inadanganya. Vyuo vya Uganda huhesabu masomo kwa yuniti, na yuniti moja ni saa 15 za darasani kwa muhula mzima. Somo la yuniti 3 ni saa 45, yaani saa tatu kwa wiki. Ukiwa na masomo matano ya namna hiyo, unakaa darasani saa 15 kwa wiki. Mgeni akiiona ratiba hiyo anasema, kumbe chuo ni starehe! Zile saa ambazo hazijaandikwa popote ndizo za kusoma. Kipimo changu ni saa mbili za nje kwa kila saa moja ya darasani: 15 na 30, jumla 45, kama mtu aliyeajiriwa.

Muhula ni wiki 17 hivi, na mbili za mwisho ni za mitihani. Mwezi wa kwanza haukuulizi chochote, na huo ndio unaowamaliza watu.

Narudia madesa (notisi za somo) mara tatu, mara nne, lakini mtihani ukija naona giza. Nina tatizo gani?

Nilikuwa hivyo hivyo. Muhula wangu wa kwanza nilikuwa na madesa ya takwimu niliyoyatoa fotokopi Wandegeya, kurasa themanini na kitu, na kalamu ya njano ya kupakia mistari. Nikayasoma mara nne. Mara ya nne nilikuwa napita kurasa huku natikisa kichwa: hiki nakijua, hiki nakijua. Nilipofika mwisho zaidi ya nusu ya maandishi yalikuwa njano, ambayo ni sawa na kutopaka kitu. Kwenye mtihani nikaulizwa nieleze kwa nini, tukikadiria varianzi (kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika) kutoka kwenye sampuli, tunagawa kwa n kutoa moja badala ya n, yaani idadi ya namba zenyewe. Ukurasa wenyewe niliuona kichwani. Fomula ilikuwa juu kulia, na pembeni yake kulikuwa na doa la chai. Doa ningeweza kulieleza vizuri sana. Nilipata 43, na pasi ni 50. Retake, yaani kulirudia somo.

Macho yakishazoea maandishi, akili inachukulia mazoea hayo kuwa ni kujua. Ni kama wimbo unaousikia kila siku kwenye daladala: kiitikio unakiitikia vizuri tu, lakini ukiambiwa usimame uimbe ubeti wa pili peke yako, unabaki unatafuta pa kuangalia. Mtihani unakuambia uimbe peke yako.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Mara nyingine walikisoma kifungu kisha wakakirudia. Mara nyingine walikisoma, kikaondolewa, wakaandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, kurudia kusoma kulikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojiandikia kutoka kichwani walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ziangalie zile dakika tano. Ndizo zinazotuponza, kwa sababu usiku ule ule unapofunga madesa unajiona umeiva.

Tangu retake ile, kusoma kwangu maana yake ni moja: kufunga daftari na kujiuliza. Karibu kila jibu lililobaki hapa linatoka humo.

Basi kalamu ya njano niitupe?

Mpe mdogo wako achoree jua. John Dunlosky na wenzake walipitia njia kumi za kusoma mwaka 2013. Kupigia mistari na kurudia kusoma viliangukia kundi la chini kabisa kwa manufaa. Juu kabisa zilikaa mbili: kujipima mwenyewe, na kugawa usomaji katika siku nyingi.

Jioni nikitoka darasani nifanye nini hasa?

Chukua karatasi tupu. Daftari liache kwenye begi. Andika juu jina la somo na tarehe, kisha andika kila unachokumbuka kwenye mhadhara wa leo, kwa mpangilio wowote, kwa michoro, kwa mishale, kwa lugha yoyote inayokuja. Dakika kumi. Utakwama dakika ya tatu. Kaa hapo hapo ulipokwama, usikimbilie daftari, maana huko kuhangaika kutafuta ndiko kunakolikaza jambo. Ukikauka kabisa, fungua daftari, chukua kalamu ya rangi nyingine ujaze yaliyokosekana. Wino huo wa pili ndio orodha yako ya kesho.

Kuna mwanafunzi wangu wa mwaka jana aliniachia karatasi zake niwaonyeshe wengine. Ya kwanza ni ya wiki ya pili ya muhula: mistari sita ya bluu, kisha nyekundu mpaka chini, na pembeni kaandika "aibu tupu". Ya wiki ya tisa ni bluu ukurasa mzima, na nyekundu nne au tano tu, mojawapo ni tahajia. Nilimuuliza kama aliongeza saa za kusoma. Alisema alipunguza, kwa sababu alikuwa hasomi tena asichohitaji kusoma.

Baada ya siku mbili chukua karatasi nyingine tupu, mhadhara ule ule. Kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili tatu. Saa moja mara nne ndani ya mwezi inashinda saa nne za mkupuo mmoja, ijapokuwa jumla haijabadilika. Na uache usahau kidogo kabla ya kurudi. Ukirudi mapema mno hujipimi, unajipongeza.

Mihadhara ni ya Kiingereza, mtaani ni Kiganda, na mimi nafikiri kwa Kiswahili. Hii si inanirudisha nyuma?

Wengi wananiuliza hili kwa sauti ya chini, kana kwamba wanakiri kosa. Hakuna kosa. Una kifaa ambacho jirani yako anayekariri kwa Kiingereza tu hana.

Jieleze kwa Kiswahili, kisha jibu kwa Kiingereza. Tuchukue unyumbufu wa mahitaji, yaani jinsi ununuzi unavyopungua au kuongezeka bei ikibadilika, ambao kila anayesoma uchumi hukutana nao mapema. Kwa Kiingereza unakariri sentensi ndefu yenye neno asilimia mara mbili ndani yake, na ukiombwa mfano unatoa ule ule wa mhadhiri. Sasa mweleze bibi yako. Rolex (mgeni wa Kampala, ni mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, saa haihusiki) ikipanda kutoka shilingi 2,000 hadi 3,000, wanafunzi kibao wa mtaa wa Kikoni watahamia kwenye kikomando, maana chapati na maharage nayo inashibisha. Chumvi nayo ikipanda nusu ya bei yake, nani atakula mboga haina chumvi? Bibi atauliza: kwa nini kimoja watu wanakikimbia na kingine hawakikimbii? Kwa sababu rolex ina mbadala na chumvi haina. Na kwa sababu chumvi inachukua sehemu ndogo sana ya mfuko, bei ikipanda huisikii. Tayari una sababu mbili ambazo mtahini anazitafuta, na umezifikia mwenyewe, hukuzikariri.

Hapo sasa kaa uandike aya moja kwa Kiingereza, kwa mkono, bila kuangalia. Kisha linganisha na kitabu. Hatua hii usiiruke. Nawafahamu watu wa kwetu wanaolijua jambo barabara kwa Kiswahili, wakiingia kwenye chumba cha mtihani wanatafsiri neno kwa neno mpaka msahihishaji hajui wamekusudia nini. Kuelewa wameelewa, lakini hawakuwahi kufanya mazoezi ya kulisema kwa lugha itakayosahihishwa. Kinachosaidia ni daftari dogo: istilahi ya Kiingereza kushoto, maelezo yako ya Kiswahili kulia, na chini yake sentensi moja ya Kiingereza uliyoitunga mwenyewe. Sentensi ya kitabu usiinakili humo.

Kiganda jifunze cha sokoni na cha boda, utapunguziwa bei. Kiswahili nacho hapa kina safari yake. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Julai 2022 baraza la mawaziri likakipitisha tena na kutaka kifundishwe kwa lazima shuleni, na bado wapo wazee wa Kampala ambao wakikisikia wanakumbuka askari wa vizuizi vya barabarani waliokuwa wakikisema. Mzee akikukunjia uso, msalimie kwa Kiganda uendelee na safari. Nyerere na Mkapa walisoma Makerere, Kibaki naye alimaliza hapo mwaka 1955 na daraja la kwanza, na hakuna hata mmoja wao aliyeanza kuongea kwa Kiingereza nyumbani kwao.

Nasoma udaktari. Majina ni elfu, karatasi tupu haitoshi. Nifanyeje?

Kwako ni kadi. Nunua manila, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele swali, nyuma jibu, na swali liwe moja kwa kila kadi. Ukiandika "misuli yote ya mkono" kwenye kadi moja umejitengenezea desa jingine dogo. Tafuta maboksi matatu, hata ya viatu. La kwanza unalipitia kila siku, la pili kila siku ya tatu, la tatu mara moja kwa wiki. Ukipatia, kadi inasonga boksi la mbele. Ukikosea, hata kama ilikuwa imefika la tatu, inarudi la kwanza bila huruma. Njia ya maboksi aliieleza Sebastian Leitner kwa Kijerumani mwaka 1972, na programu ya Anki, ambayo kwenye kompyuta na Android ni ya bure, inakufanyia hesabu ya siku yenyewe. Mimi bado napenda manila. Manila haina arifa.

Famasia na sheria ni hivyo hivyo, ila wa sheria wajihadhari: majina ya kesi yanakaa kwenye kadi, hoja haikai. Hoja irudishe kwenye karatasi tupu.

Alama zinahesabiwaje, na zinahusiana vipi na muda ninaotenga?

Zinahusiana sana, na watu wengi hupiga hesabu hii mwaka wa tatu, wakati umeshapita. Katika mfumo wa Makerere, unaofuatwa na vyuo vingi vingine, 80 kwenda juu ni pointi 5.0, 75 ni 4.5, 70 ni 4.0, na unashuka nusu pointi kila alama tano mpaka 50, ambayo ni 2.0. Mkenya uliyezoea kusikia 70 ni A, jipange upya. Pointi zinazidishwa kwa yuniti za somo. Tuseme umepata 80 kwenye somo la yuniti 4: hiyo ni 20. Ukapata 62 kwenye somo la yuniti 3: pointi 3.0 mara 3, ni 9. Jumla 29, gawa kwa yuniti 7, una 4.14. Sasa zigeuze alama zile zile, 62 kwenye somo kubwa na 80 kwenye dogo: 12 na 15 ni 27, gawa kwa 7, una 3.86. Daraja la kwanza linaanzia 4.40 na la pili la juu 3.60, kwa hiyo tofauti hiyo haidharauliki. Somo lenye yuniti nyingi lipewe asubuhi zako nzuri. Somo unalolipenda tu lisubiri.

Na kozi weki, yaani kazi za muhula unazopewa alama kabla ya mtihani. Kwa kawaida inabeba alama 30 au 40 kati ya 100, nawe unazitafuta ukiwa umetulia, una vitabu, una siku kumi na nne. Mtu aliyebeba 32 kati ya 40 anahitaji 18 tu kwenye mtihani ili afike 50. Aliyenakili kazi ya rafiki usiku wa mwisho akapewa 14 anahitaji 36. Nawaona wote wawili mlangoni siku ya mtihani, na huhitaji kuuliza nani ni nani.

Kukesha kunasaidia?

Kunasaidia kupita kwenye mtihani wa kesho asubuhi, mara mojamoja, na unaamka umesahau. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa saba hadi tisa, na wakati umelala ndipo ubongo unapopanga uliyoyasoma mchana. Ukikesha unapakia mzigo halafu unamfukuza mpakuaji.

Kahawa ina hesabu yake. Nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano hivi baada ya kuinywa. Kikombe cha saa nne usiku, saa tisa usiku nusu yake bado inatembea ndani yako. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni kafeini ile ile na sukari juu yake. Miraa, ambayo hapa wanaiita mairungi, nimeona imewaweka watu macho usiku kucha wakisoma ukurasa mmoja.

Ramadhani ikiangukia karibu na mitihani?

Wengi wetu wa pwani tunasoma vizuri baada ya daku, kabla na baada ya Alfajiri, kichwa kikiwa chepesi na hosteli nzima imelala. Saa za alasiri usizipangie jambo zito. Weka kadi hapo, au kazi ya kunakili.

Hosteli yetu ni kelele tupu na umeme unakatika. Nisomee wapi?

Maktaba, ukifika mapema kabla nafasi hazijaisha. Ukumbi wa mihadhara uliobaki wazi jioni. Msikiti au kanisa la chuo, kama wanaruhusu. Nilikuwa na chumba Kikoni, ukuta mmoja na baa, na nilichojifunza ni kwamba baa haina nguvu saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili nilizozipata kila alfajiri zilikuwa na thamani kuliko tano za usiku. Nunua taa ya kuchaji, ni bei ya rolex chache tu.

(Ratiba ikiandika 8:00 ni saa mbili, unajua. Waganda nao wanahesabu saa kama sisi, kwa hiyo ukielekezwa kwa Kiganda hutapotea.)

Diskasheni zina faida, au ni kupiga soga?

Inategemea madaftari yako wapi. Kundi ambalo mmoja anasoma madesa kwa sauti na wengine wanaitikia "sawa, sawa" ni kurudia kusoma kwa pamoja, na faida yake ni ile ile ya kalamu ya njano. Kundi letu la mwaka wa pili lilikuwa watu wanne: mimi, Mkenya kutoka Kisumu, binti wa Bukoba na Mganda wa Jinja aliyekuja, alisema, kufanya mazoezi ya Kiswahili. Tulikaa juu ya paa la hosteli, madaftari yote kwenye begi moja, begi chini ya kiti. Kila mtu alikuja na maswali matatu aliyoyatunga mwenyewe. Anayeulizwa anaeleza. Akikwama, anayefuata anaendelea alipoishia. Begi lilifunguliwa tukibishana tu.

Yule wa Jinja ndiye aliyenufaika kuliko wote, kwa sababu alilazimika kueleza kila kitu kwa lugha aliyokuwa akiitafutia maneno. Alikuwa hawezi kujificha nyuma ya sentensi ya mhadhiri. Siku moja alitumia robo saa kutueleza sampuli kwa chungu cha maharage: unaonja kijiko kimoja kujua chumvi ya chungu kizima, lakini koroga kwanza. Hilo "koroga kwanza" hadi leo nalifundisha semina, na wanafunzi wanadhani ni langu.

Watu watatu hadi watano wanatosha. Wakizidi, mmoja anaanza kuagiza chapati.

Simu inanimaliza. Nifute kila kitu?

Ukifuta utarudisha keshokutwa. Iweke chumba kingine, au mpe mwenzako mkiwa maktaba naye akupe yake. Simu ikiwa mezani, hata ikizimwa sauti, unaisubiri. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021 na sikuona wanafunzi wakipata hata saa moja ya ziada, walihamia TikTok tu au wakaweka VPN. Gawa muda: dakika 25 za kazi, tano za kupumzika, na hizo tano simama, nyoosha mgongo, usifungue skrini. Kikundi cha WhatsApp cha darasa kiangalie mara mbili kwa siku. Tangazo la kubadilishwa kwa chumba litakusubiri. Mjadala kuhusu Arsenal nao utakusubiri, kwa bahati mbaya.

Nikiitumia ChatGPT kuandikia kozi weki kuna ubaya gani?

Kanuni za chuo chako zisome mwenyewe. Ninachojua ni kwamba mtihani utauandika kwa peni, saa tatu, bila simu. Ukitaka ikufae, iambie ikuulize maswali kumi kuhusu mada fulani, moja moja, bila kukupa majibu, nawe ujibu kabla ya kuiuliza. Na ikikupa rejea ya kitabu, kitafute maktaba kwanza, maana huzua vitabu visivyokuwepo kwa uso mkavu.

Ada haijakamilika na akili haitulii. Nitasomaje?

Nenda ofisi ya fedha wiki ya kwanza, usingoje wiki ya mitihani. Vyuo vingi havikuruhusu kuingia kwenye mtihani kama unadaiwa, na mipango ya kulipa kidogo kidogo hupatikana mapema kuliko mwishoni, foleni ikishazunguka jengo. Ukiwa na kibarua, niambie saa zako tupange. Mtu mwenye saa nane za kusoma kwa wiki anaweza kufaulu, ila azitumie zote kujiuliza na asipoteze hata moja kwenye kunakili madesa kwa mwandiko mzuri.

Zimebaki wiki tatu na sijaanza. Bado inawezekana?

Usianzie ukurasa wa kwanza wa madesa. Utafika ukurasa wa thelathini siku ya mtihani, ukiijua vizuri sana mada ambayo huenda haiulizwi. Anzia mwisho: tafuta mitihani ya miaka iliyopita, mitatu au minne, maktaba au kwa wakubwa zako. Iweke pamoja uone mada zipi zinarudi. Kisha keti uufanye mmoja wapo kwa muda wa mtihani halisi, ukiwa hujui kitu. Utapata sifuri nyingi na inauma, lakini sasa unajua hasa unachokitafuta, na utakachokisoma baada ya hapo kina pa kukaa.

Mtihani ukikutaka ujibu maswali manne kwa saa tatu, kila moja lina dakika 45, na dakika hizo zipimie nyumbani. Nasahihisha karatasi nyingi ambazo swali la kwanza lina kurasa tano nzuri na la nne lina mstari mmoja unaoishia katikati.

Na wewe retake yako uliipita?

Nilipata 71. Ilibidi nisubiri mwaka mzima mpaka somo lirudi, nikakaa na wadogo zangu wa mwaka wa kwanza kwenye chumba kile kile. Kijana mmoja aliniuliza kama mimi ndiye msimamizi, nikamwambia bado. Swali la n kutoa moja lilikuwepo tena, namba tatu. Niliandika ukurasa na nusu, na lile doa la chai sikulikumbuka mpaka nimeshatoka nje.